Siku moja maishani mwangu: moyo wa mbwa, moyo wa paka

Saa 1:30 asubuhi. Nakagua wanyama waliolazwa. Baada ya hapo ni chanjo, kucha na masikio machafu hadi saa nne. Wengi hudhani kazi yetu inaishia hapo.

Saa 4:10. Anaingia mzee amembeba mbwa wake mdogo, anahema. Mbwa huyu namjua. Vali ya kushoto ya moyo wake, kile kilango cha kupitishia damu, imechakaa, maradhi yanayowapata sana mbwa wadogo wakizeeka. Haifungi sawasawa, damu inarudi nyuma, na mwishowe mapafu yanajaa maji. Nilishamwandikia dawa ya kuyatoa.

"Dawa yako imemharibu, Daktari. Anakojoa hovyo, zulia zima linanuka. Nimeisimamisha."

"Kukojoa ndiko tunakokutaka, mzee. Maji yasipotoka huko yanabaki kifuani."

"Lakini kikohozi kilikwisha. Alishapona!"

Hakupona, dawa ilikuwa kazini. Nikamchoma mbwa sindano ya dawa ileile, nikamwingiza kwenye kizimba cha oksijeni, mjadala ukaendelea pale pale huku foleni ikinung'unika. Akataka dawa ya kikohozi ya watoto. Nikakataa. Akauliza kwa nini simpasui tu nikamaliza. Upasuaji wa vali upo, nikamwambia, ila vituo vinavyoufanya ni vichache mno duniani. Nilipoishiwa maneno nikamfundisha kuhesabu: kifua kikipanda na kushuka, hiyo pumzi moja. Mbwa akiwa amelala, zikizidi 30 kwa dakika na zisishuke, piga simu, usingoje kikohozi. Akainama kwenye kioo cha kizimba akahesabu mwenyewe. Alipofika 52 akavuta kiti, akaketi.

Mchana, chakula sijakigusa, analetwa paka anayehema mdomo wazi. Mbwa akihema hivyo huenda ni joto tu. Kwa paka ni dharura. Paka mwenye moyo mgonjwa ni nadra kukohoa, hujificha tu, huku misuli ya moyo ikinenepa na nafasi ya damu ikipungua. Mwenye paka anadai eksirei sasa hivi. Hapana, mama, oksijeni kwanza. Paka aliyeishiwa pumzi ukimbana mezani anaweza kukufia mikononi. Ultrasaundi ya moyo itangoja atulie.

Saa sikuziangalia tena. Miguu inawaka moto, na mzee bado yuko kando ya kizimba, amegoma kuondoka.

"Daktari, 36! Lakini amekojoa tena, sakafu yako yote imelowa."

Vizuri sana, nikamwambia, nikaenda kuchukua ndoo na tambara. Msaidizi wangu alikuwa bado na paka.