Loji mbili, ukumbi mmoja, na chupa ya rangi ya kucha

Kabla hujaniuliza yale yanayosemwa mitaani kuhusu Frimasoni: hapana, sijaona joka, na hakuna damu. Ninatunza ukumbi unaotumiwa na loji mbili, yaani matawi mawili, za Frimasoni, ule udugu wa watu wanaokutana faraghani, katika mji mdogo mashariki mwa Uganda, upande huu wa Malaba, na kiumbe wa kutisha kuliko wote niliyekutana naye mle ni mchwa. Mimi si mwanachama. Zangu ni funguo, viti, umeme na sufuria. Wanachofanya mlango ukishafungwa sikijui. Ninachokijua ni kila kinachobebwa kabla haujafungwa na baada ya kufunguliwa, na humo ndimo ugomvi wote wa loji hizo mbili ulimokuwa.

Nianze na ushauri mbovu, maana hadi leo unaniwasha. Kila niliyemuuliza nifanyeje loji mbili zisigongane siku moja alisema, "Bandika kalenda mlangoni, mambo kwisha." Nikabandika, na mambo hayakuisha. Loji huandika siku zake za kukutana ndani ya kanuni zake kwa mtindo wa "Jumamosi ya pili ya mwezi", si kwa tarehe. Hii ya kwanza ndivyo ilivyoandika. Ya pili, ili isigongane na mwenzake, ikajiandikia "Jumamosi inayofuata Jumatatu ya pili". Ukisikia hivyo unadhani ni wiki tofauti, na miezi mingi ni kweli: Mei 2026 mmoja anakutana tarehe 9, mwingine tarehe 16. Lakini mwezi ukianza Jumapili au Jumatatu, Jumamosi hizo mbili ni moja. Chukua kalenda uhesabu mwenyewe. Kwa mwaka 2026 ni Februari, Machi, Juni na Novemba, na ile ya Februari imeangukia tarehe 14, siku ambayo wake zao wana mipango mingine kabisa.

"Si wabadilishe kanuni?" Jaribu wewe. Badiliko linapendekezwa, linapigiwa kura, kisha linapelekwa juu likubaliwe. Na huko juu ni mbali. Loji mojawapo ni ya Kiingereza, nayo iko chini ya wilaya ya Afrika Mashariki, na wilaya yao si kama wilaya zetu hizi zenye mwenyekiti wa LC5, yule wa baraza la wilaya. Yao inabeba Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, na makao yake yako Nairobi. Kusogeza mkutano mmoja tu kunahitaji kibali kutoka huko. Kwa hiyo ninachofanya ni kukaa na kalenda mwezi wa kumi na moja, kutafuta miezi ya mwaka unaokuja inayoanza Jumapili au Jumatatu, na kuwapa makatibu wote wawili karatasi yenye hizo tarehe peke yake. Tarehe nyingine siandiki. Karatasi ya siku kumi na mbili hawaisomi; ya siku nne wanaisoma. Kisha wanapeana zamu: anayehama mara hii hahami mara ijayo, na ana miezi ya kutosha kuomba kibali chake.

Sasa viti, na hapa niruhusu nijicheke kidogo.

Loji moja iko chini ya Uingereza, ambako Grand Lodge, yaani loji kuu, ya kwanza iliundwa London mwaka 1717. Nyingine iko chini ya Uskoti, iliyounda yake mwaka 1736. Hiyo miaka 19 kati yao mimi naibeba mgongoni, kwa sababu hawapangi chumba sawasawa. Waingereza huweka kitabu kitakatifu juu ya meza ndogo iliyo mbele ya kiti cha mkuu wa loji, na katikati ya chumba panabaki wazi. Hawa wetu wa Uskoti wanataka madhabahu katikati, na hiyo madhabahu ni mbao ya mvule, watu wawili wakiibeba mmoja lazima alalamike. Viti vitatu vikubwa vinafanana kwa wote: mkuu Mashariki, msimamizi wa kwanza Magharibi, wa pili Kusini. Kaskazini hakai yeyote kati ya hao watatu.

Niliachiwa maelekezo hayo kwenye karatasi, nami nikataka kuonyesha kwamba nimesoma. Nikatoa simu, nikafungua dira, nikapima. Mashariki barabara. Nikapanga kila kitu kwa digrii, nikapiga nta sakafu, nikavuta pazia, nikasimama pembeni kama bwana harusi. Ila jengo letu, ambalo hawakulijenga wao, mlango wake unatazama macheo. Kwa hiyo kiti cha mkuu nilikiweka hatua mbili kutoka mlangoni, mgongo wake ukiwapokea wageni, na anayebisha angemgonga kisogo. Msimamizi wa pili nilimweka upande ambao kwao ni Kaskazini. Mzee mmoja aliingia, akatazama kiti, akatazama mlango, akanitazama mimi. "Mwanangu," akasema, "Mashariki ni pale anapokaa mkuu. Jua halituhusu." Tukahamisha chumba kizima kwa dakika ishirini na tano, wazee wenye suti nyeusi wakisukuma, nami nikitamani sakafu inimeze.

Tangu siku hiyo dira yangu ni mlango. Simama mlangoni ukitazama ndani: mkuu yuko mwisho kabisa mbele yako, msimamizi wa kwanza yuko upande wako karibu na mlango, wa pili yuko kulia kwako. Kushoto ni Kaskazini. Kijana yeyote wa kubeba viti anaelewa hivyo kwa nusu dakika.

Lakini kujua upande hakutoshi, maana ugomvi ulikuwa wa inchi. "Walikisogeza." "Hatukukigusa." Nilijaribu chaki, ikafutwa na deki ya kwanza. Nikajaribu utepe wa gundi wa rangi. Sakafu yetu ni simenti nyekundu inayosuguliwa kwa nta, na utepe haushiki kwenye nta, unajikunja pembeni, unakusanya uchafu, unanasa viatu. Fundi akashauri tutoboe tuzamishe skrubu za shaba. Hapana, asante, simenti ile ya zamani ukiigonga inapasuka kama chapati kavu. Kilichokubali ni rangi ya kucha. Sugua nta itoke kwa kitambaa chenye tone la tapentaini, mahali pa ukubwa wa shilingi tu, acha pakauke kabisa, weka tone la rangi, subiri, ongeza la pili. Nyeupe kwa Waingereza, bluu kwa Uskoti. Nyekundu usithubutu, haionekani. Kila mguu wa mbele wa kila kimeza una nukta yake, na madhabahu ina nne. Nta ikipita juu yake inazilinda badala ya kuzing'oa. Chupa mbili za dukani, elfu kumi hivi pamoja na tapentaini, na nazirudia mara moja kwa mwaka.

Sheria inayokwenda na nukta ni hii: ukimaliza, chumba kinabaki kitupu. Viti ukutani, vimeza ukutani, madhabahu kwenye kona yake. Hakuna "niache hivi hivi, na wao watasogeza". Kuanzia kitupu, kijana mmoja na mimi tunapanga chumba cha Waingereza kwa dakika kumi na tano, cha Uskoti ishirini kwa sababu ya ile mbao.

Zulia la miraba nyeusi na nyeupe wanalitumia wote, lakini si zulia hasa, ni turubai iliyopakwa rangi. Walikuwa wanalikunja kama shuka. Kila kunjo likawa mstari, mstari ukawa ufa, ufa ukainuka, na mtu anayetembea kwa heshima akitazama mbele anajikwaa palepale. Nililinyoosha juani kidogo, nikapaka rangi kwenye nyufa, kisha nikanunua bomba la plastiki la inchi 4 na kulivingirisha juu yake. Hapa watu wengi wanakosea: vingirisha upande wa rangi ukiwa nje. Ukiuweka ndani rangi inabanwa, inajikunyata na kubanduka. Ukiuweka nje inanyooka tu. Weka karatasi katikati ya mizunguko, na bomba lilale juu ya ndoano mbili, lisisimamishwe wala kuegemezwa.

Aproni wanazovaa mikutanoni ni shida ya mvua. Ile nyeupe ya anayeanza, kwa Waingereza, ni ngozi ya kondoo, na mwezi wa nne ukiifungia kwenye mfuko wa nailoni utaikuta na ukungu wa kijani kama mkate uliosahauliwa. Zitandikwe bapa kwenye kitambaa cha pamba, kabati liwe na matundu, na ndani ninatia soksi zilizojaa makaa makavu, zinazoanikwa juani kila baada ya wiki mbili. Za Uskoti sina wasiwasi wa kuzichanganya na za wenzao. Za Waingereza nyingi hupambwa kwa samawati hafifu, na huko Uskoti kila loji hujichagulia rangi zake.

Mchwa hawazuiliki, wanafichuliwa. Nilipaka oili chafu, ikanuka mwezi mzima na kuchafua suruali za watu. Sasa kila mguu wa samani unakaa juu ya kipande cha bati kilichokatwa kikubwa kuliko mguu, kinachotokeza kama vidole viwili pande zote. Mchwa lazima ajenge njia yake ya udongo juu ya bati, nami naiona Jumatatu ninapofagia. Yale makabati yaliyokaa moja kwa moja sakafuni yaliliwa kutoka chini, nje yakibaki yanang'aa.

Kabati na funguo nusura ziniondoe kazini. Loji ya Kiingereza haifunguliwi bila hati yake, ile karatasi ya kuwapo kwao, kuwa pale pale chumbani. Hati ikalala kabatini, ufunguo ukasafiri kwenda Mbale mfukoni mwa mtu, na watu thelathini wakasimama uani wakinuka manukato. Sasa kila loji ina kabati lake, kufuli lake, funguo mbili kwa watu wawili, na wa tatu kwenye bahasha iliyofungwa, saini zimepita juu ya mdomo wa bahasha. Bahasha ya hawa inatunzwa na katibu wa wale, na ya wale na katibu wa hawa. Ikifunguliwa bila sababu saini zinasema. Haijawahi kufunguliwa.

Bili tulikuwa tunagawa nusu kwa nusu, na loji inayoleta watu kumi na wawili ilikuwa inalipia feni za wale thelathini. Mita yetu ni ya kulipia kabla, ile tuliyozoea kuiita Yaka, inaonyesha uniti zilizobaki. Naandika namba ninapofungua mlango na ninapofunga, mbele ya mlinzi wao anayekaa nje ya mlango na upanga wake. Yeye hana la kufanya mkutano ukiendelea, basi anatia saini. Mwisho wa mwezi hakuna anayebishana na namba aliyoisaini mwenyewe. Maji na mlinzi wa usiku bado ni nusu kwa nusu.

Umeme ukikatika, betri ya 12V yenye 100Ah inatosha bila presha. Taa sita za wati 9 ni wati 54, kinanda kama 20, saa tatu zinakula kidogo zaidi ya wati-saa 220, na betri ina 1,200. Usiishushe chini ya nusu nayo itadumu. Feni usiziunganishe humo. Kuna aliyechomeka birika, na ndipo tukajua inveta inavyolia.

Vitabu vitakatifu ninavishika kwa mikono safi, maana kila mwanachama anaapa kwa kitabu cha dini yake, na hapa kwetu tuna Biblia, Kurani na Gita. Kila kimoja kina kitambaa chake na rafu yake. Usivibebe vimepangana, hasa Kurani isikae chini ya kingine. Dini na siasa wao hawazijadili ndani ya loji, na mimi sitaki niwe sababu ya kuzianzisha.

Chakula cha baada ya mkutano kinafuata njia hiyo hiyo. Kuku wachinjwe na Muislamu, nguruwe hakanyagi jikoni, ng'ombe simpiki kwa sababu ya Wahindu, na sufuria na mwiko wa wasiokula nyama havikopeshwi upande wa pili hata kwa dakika moja. Kwa watu thelathini: mkungu mkubwa wa matoke, mchele kilo 3, kuku 8, karanga za kusaga kilo 2, maharage kilo 2, chapati 40. Mchuzi wa karanga unamridhisha kila mtu, wa nyama na asiye wa nyama, ilimradi hujautilia samaki mkavu. Usiivishe matoke kwa saa waliyokutajia. Wakisema saa kumi na moja, acha yawe mvukeni ndani ya majani, moto mdogo. Yatasubiri hadi saa moja bila kuharibika. Chapati hazisubiri.

Majirani walipoanza maneno yao nilimwomba mwenyekiti wa LC1, yule wa kijiji, aje Jumapili mchana, nikamfungulia chumba kitupu. Akakagua, akainama, akauliza nukta za rangi sakafuni ni alama za nini. Nikamweleza zinavyotengenezwa, nta, tapentaini na yote. Wiki iliyofuata alituma kijana aje kuazima ile chupa nyeupe. Ana viti vya plastiki vya mikutano ambavyo kila mtu anadai ni vyake. Haijarudi bado.