Mstari Mwekundu Chini ya Neno "Mvivu"

Jumapili, usiku

Leo nimefungua faili la kazi zangu za muhula wa kwanza nikitafuta jedwali fulani la kuweka kwenye rasimu ya tasnifu, nikakutana na karatasi ambayo nilidhani nimeshaitupa siku nyingi. Ni ripoti ya ukurasa mmoja na nusu. Tuliagizwa kueleza tabia ya mtu tunayefanya naye kazi, bila kumtaja jina, nami nikaandika kwa kujiamini kabisa kwamba mwenzangu huyo ni "mvivu, mkaidi na asiyejali". Mhadhiri alichora mstari mwekundu chini ya kila neno kati ya hayo matatu, kisha pembeni akaandika swali moja tu: "Ulimwona akifanya nini?" Alama nilizopata sitazitaja hapa.

Niliudhika sana wakati ule. Nilikuwa nimesimamia watu kazini kwa miaka tisa, na nilikuwa nimejiunga na uzamili wa saikolojia ya tabia za binadamu kwa sababu mbili ambazo sikuona haya kuzisema: cheo kilichokuwa juu yangu kilihitaji shahada hiyo, na nilitaka kufundishwa namna ya kuwasoma watu. Badala yake, wiki za mwanzo tulifundishwa habari za paka. Mwanasaikolojia Edward Thorndike, katika tasnifu yake ya mwaka 1898, aliwafungia paka wenye njaa ndani ya visanduku vilivyofunguka kwa kuvuta kamba au kukanyaga kibao, akapima muda ambao kila paka alitumia kutoka, jaribio baada ya jaribio. Muda ule ulipungua kidogo kidogo, kwa kupanda na kushuka, wala haukuporomoka ghafla kama ambavyo ungeporomoka iwapo paka angegundua siri ya mlango. Hakuna aliyedai kujua paka anawaza nini. Kilichoandikwa ni alichofanya na kilichofuata baada ya kufanya. Nilikaa nyuma ya darasa nikijiuliza paka hao wananihusu nini.

Jibu lilinijia kupitia zoezi lililofuata. Kila mwanafunzi alitakiwa kuchagua tabia yake mwenyewe inayohesabika, aihesabu kwa wiki mbili, na kila inapotokea aandike kilichoitangulia na kilichoifuata. Nilichagua tabia ya kuwakatiza watu wanapozungumza, kwa kuwa niliamini sinayo sana na kwamba zoezi lingekuwa jepesi. Nilitia kadi ndogo mfukoni pamoja na kipande cha penseli. Siku ya kwanza, kabla ya saa nne asubuhi, nilikuwa nimeshachora vijistari kumi na kimoja. Nilipofika nyumbani vilikuwa kumi na saba, na hapo simu sikuzihesabu.

Kufikia siku ya tano vilikuwa vimeshuka hadi sita, ingawa hakuna mtu aliyekuwa amenikemea. Mhadhiri alitueleza kwamba jambo hilo linajulikana: mtu anayejihesabu hubadilika kwa kule kujihesabu tu, na kwa mtafiti hiyo ni kero kwa sababu data zinaharibika, ilhali kwa anayetaka kujirekebisha ni msaada asiolipia. Lakini kilichonigusa zaidi ni safu ya "kilichotangulia". Nilidhani huwakatiza watu pale ninapopingana nao. Kadi ilionyesha vingine kabisa: mara nyingi niliingilia pale msemaji aliponyamaza kidogo akitafuta neno. Kimya chake nilikuwa nikikichukua kama kiti kilichoachwa wazi, nami nikakikalia.

Ndipo nikarudi kwa yule "mvivu". Kwa wiki kadhaa niliandika tu, bila kusema naye lolote. Ripoti yake ya mwezi hutakiwa Ijumaa. Alhamisi jioni husimama mlangoni na kusema, "Dada, ile ripoti bado kidogo." Nami hushusha pumzi, huchukua faili, humalizia mwenyewe. Nilipoyatazama maandishi yangu yakiwa yamejipanga katika safu tatu, niliona aibu. Kilichofuata baada ya maneno yake ni kwamba mzigo uliondoka mabegani mwake, na hiyo ndiyo hasa huitwa uimarishaji hasi, ambao watu wengi, na mimi nikiwemo hadi mwaka juzi, huuchanganya na adhabu. Adhabu hupunguza tabia. Uimarishaji hasi huiongeza, kwa kuondoa jambo linalomkera mtu. Tena haukuwa upande wake tu, maana nilipoimaliza ile ripoti, wasiwasi wangu wa Ijumaa nao ulikuwa ukiondoka. Tulikuwa tukifundishana, kila mmoja akimlipa mwenzake.

Kosa hilo langu, la kuyaona yanayotokana na mazingira kuwa ni hulka ya mtu, lilipewa jina na mwanasaikolojia Lee Ross mwaka 1977, lakini jaribio ninalolipenda zaidi ni la miaka kumi kabla yake, la Edward Jones na Victor Harris. Washiriki walisoma insha zinazomuunga mkono au kumpinga Fidel Castro, kiongozi wa Cuba wakati huo. Hata walipoambiwa kwamba mwandishi alipangiwa upande wa kutetea na hakuuchagua, bado walielekea kuamini kwamba aliyeandika kwa kumuunga mkono anamuunga mkono kwa dhati. Yaani waliambiwa, na bado.

Niliacha kumalizia ripoti. Vitabu vilikuwa vimenionya kwamba tabia inayonyimwa malipo yake ya kawaida huweza kupamba moto kabla ya kuzimika, na ilipamba moto kweli: alikuja mlangoni mara tatu kwa siku moja, mara ya mwisho akiwa na hasira. Bila kusoma ningesalimu amri siku ile, na kwa kusalimu amri ningemfundisha kwamba mara tatu ndicho kiwango. Nilichofanya ni kuigawa ripoti sehemu tatu zenye tarehe fupi, na kuisoma sehemu ya kwanza mbele yake siku ileile aliyoileta. Mambo yakatengemaa, ila si kila mwezi. Mwezi mmoja alichelewa tena, na safari hii niliuliza. Kumbe takwimu anazozitegemea hutoka kitengo kingine, na humfikia Jumatano. Miaka yote hiyo sikuwahi kuuliza.

Sitaki msomaji afikiri kwamba nimeokoka na sasa nahubiri. Muhula wa takwimu ulinichosha, na sina zaidi la kusema juu yake. Muhula uliofuata ulinitia mashaka juu ya fani yenyewe: mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia, na ingawa asilimia 97 ya tafiti za awali zilikuwa zimeripoti matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani yasiyoelekea kuwa ya bahati tu, zilizorudiwa zilifikia hapo kwa asilimia 36 tu. Nilifunga kompyuta nikaenda kulala. Asubuhi nilijiambia kwamba fani inayoweza kujianika hivyo hadharani bado inastahili ada yangu, lakini tangu siku hiyo huangalia ukubwa wa sampuli kabla ya kusoma hitimisho.

Cheo bado hakijaja. Ndugu na marafiki wameanza kuniletea ndoa zao niziponye, nami hulazimika kueleza kila mara kwamba shahada yangu si leseni ya tiba, na kwamba tiba ina mafunzo yake na saa zake za mazoezi chini ya msimamizi. Baadhi hudhani nawakwepa.

Kuhusu lile jedwali, nimelipata. Nilipokuwa nikilibandika kwenye sura ya nne, macho yangu yakatua kwenye sentensi niliyoiandika wiki iliyopita bila kusita: "Washiriki sita hawakuwa na ari." Nimeifuta. Sasa inasomeka kwamba washiriki sita hawakurudi katika kikao cha pili, kilichofanyika saa kumi na moja jioni, na kesho nitawapigia simu niwaulize walikuwa wapi saa hiyo.