Kete zilizokuwa zikipepesa

Mwaka 1998 chumba cha kompyuta cha chuo chetu, Dar es Salaam, kilikuwa na mashine za prosesa ya 486 zilizochoka, na kompaila yetu, programu inayogeuza msimbo uwe lugha ya mashine, ilikuwa Turbo C++ 3.0. Mimi na mwenzangu tulikuwa tunaandika mchezo wa bao: mashimo 32, kete 64, kadi ya picha ya VGA katika modi ya 13h, yaani pikseli (nukta za kioo) 320 kwa 200, rangi 256.

Kanuni za bao ni ngumu, lakini kilichotutoa jasho ni kioo cha kompyuta. Kila kete iliposogea, programu ilifuta ilipokuwa, ikapaka upya rangi ya mbao, halafu ikaichora kwenye shimo la mbele. Yote hayo moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya kadi ya picha, segimenti A000, ambako unachoandika ndicho kioo kinachoonyesha. Kioo nacho hakimsubiri mtu. Kilikuwa kinajichora upya mara 70 kwa sekunde, na mara nyingi kilikuta shimo limeshafutwa, kete haijafika. Mtu akitakata, yaani akigawa kete bila kula, mzunguko mrefu, ubao ulipepesa kama taa ya tyubu inayotaka kufa.

Fundi wa maabara alisimama nyuma yetu, akaangalia kidogo.

“Wadogo zangu, chorea pembeni. Ukishamaliza ndiyo umwage.”

Pembeni ni kwenye memori ya kawaida. Kila pikseli ni baiti moja, kwa hiyo kioo kizima ni baiti 64,000, na segimenti moja ya DOS, yaani kipande kimoja cha memori, inabeba baiti 65,536. Inaingia na chenji inabaki! Sijui tungefanyaje kama isingeenea. Katika modeli ndogo ya memori ya kompaila, malloc, amri ya kuomba nafasi, iliturudishia NULL, yaani hakuna, maana humo data na staki vinagombania segimenti hiyo hiyo. Tukahamia modeli kubwa, tukaomba kwa farmalloc, inayotafuta nafasi nje ya segimenti hiyo, tukapewa. Hesabu ya kuchora haikubadilika, y mara 320 jumlisha x. Pointa tu, yaani anwani ya kuandikia, ndiyo ilielekea kwenye bafa, ile nafasi ya pembeni, badala ya A000. Hatua ikikamilika, memcpy moja, amri ya kunakili memori, inamwaga kila kitu kwenye A000.

Kupepesa kukaisha. Ila mara moja moja ubao ulionekana umekatika, juu hatua mpya, chini ya zamani, kwa sababu tulimwaga wakati mwale wa kioo uko katikati ya safari. Basi tukawa tunasoma poti 3DA, mlango wa kuulizia hali ya kadi, tunangoja biti yenye thamani ya 8 iwake, ishara kwamba mwale unarudi juu, ndipo tunanakili. Na kwa kuwa kadi za picha za ISA, aina ya zamani ya nafasi za kuchomekea kadi, zilikuwa nzito kuandikiwa, tulinakili safu zilizoguswa tu. Mwenzangu alitaka tunakili kioo chote, eti msimbo usafike. Tulibishana mpaka chumba kikafungwa.

Kesho yake jioni tulimwita mlinzi wa getini, ambaye kwa bao hakuna mwanafunzi aliyemfunga.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba wanangu. Haya, nione.”

Akatazama kete zikigawanywa shimo kwa shimo, ametulia. Kisha akauliza, “Na za mkononi ziko wapi?”

Kete 22 za kila mchezaji za kunamua, zile za kuingiza ubaoni moja moja, tulikuwa tumeziandika kama namba tu kwenye kona. Mzee hakutaka namba. Tukaketi hapo hapo, tukaongeza lupu mbili za kuzichora kando ya ubao, ndani ya bafa. A000 hatukuigusa.