Waridi langu la jangwani lilivyopona masika

Jamani leo niongelee hii mimea ya majani au mashina manene, sakulenti kama wengi wanavyoiita, maana kila nikiweka picha za kibaraza changu kwenye status naulizwa unafanyaje wewe mbona ya kwangu inakufa.

Mi nipo Dar, ghorofa ya pili, jua linanipiga kuanzia saa nane mchana mpaka linazama. Nina mshubiri makopo matatu, ulimi wa mama mkwe, mnyaa mmoja mdogo, na waridi la jangwani ambalo ndo roho yangu. Hilo nililinunua kwa mama mmoja anauza miche pembeni ya barabara, lina lile shina nene chini limevimba kama kiazi na maua ya pinki, nikalipenda hapohapo.

Sasa masika ikaingia, mvua ya Aprili ile ya kunyesha usiku kucha, mi nikaliacha nje nikajua linafurahi. Majani yakaanza kuwa njano yanadondoka moja moja, nikaona hili lina kiu nikaliongezea maji, kumbe ndo nalimaliza. Siku nimelibonyeza kwenye kiazi kidole kikazama kabisa kama parachichi lililopitiliza, afu linanuka. Niliumia kweli.

Nikaenda kwa yule mama na picha kwenye simu, shikamoo mama, marahaba, akaangalia akaniuliza kitu kimoja tu, mwanangu udongo gani umeweka? Nikamwambia ule mweusi wenye samadi. Akasema huo ni wa mchicha.

Yani hapo ndo nilielewa. Hii mimea kwao ni sehemu kavu, na waridi la jangwani ni la hukuhuku kwetu, linaota lenyewe porini sehemu kame za Kenya na Tanzania. Maji limeshajiwekea lenyewe kwenye shina, mshubiri unaweka kwenye majani, na mingi ya mimea hii vile vitundu vyake vya kupitisha hewa vinafunguka zaidi usiku kukiwa na ubaridi ili maji yasipotee kwa jua. Kwaiyo ukilimwagia kila siku mizizi inakosa hewa inaoza, na kuoza kunapanda juu taratibu we huoni.

Basi nikaling'oa, nikavaa glavu kwa sababu utomvu wake ni sumu, kuna watu huku Afrika Mashariki walikua wanapaka kwenye mishale ya kuwindia, sio wa kuchezea (na ule wa maziwa wa mnyaa ukiingia jichoni ni balaa, wenye watoto wekeni juu). Nikachukua wembe mpya nikakata sehemu laini yote, nakata nafuta wembe kwa spiriti nakata tena mpaka nikafika kwenye nyama nyeupe ngumu isiyo na doa la kahawia. Nikapaka unga wa mkaa nikaliweka kivulini wiki mbili bila udongo bila tone la maji, mpaka kidonda kikakauka kikawa na gamba. Mume wangu alishaniambia tupa hilo.

Udongo ninaotumia sasa ni kopo moja la udongo wa kawaida, kopo moja la mchanga wa mto na kopo moja la kokoto ndogo. Mchanga wa baharini usichukue, una chumvi. Na chungu lazima kiwe na tundu chini, hata kiwe kizuri vipi kama hakina tundu toboa au kiache dukani.

Kumwagilia sina ratiba, nina kijiti cha mshikaki. Nakichomeka mpaka chini, kikitoka na udongo umeganda naachana nalo, kikitoka kikavu namwaga maji mengi mpaka yatoke chini afu nasahau. Joto la Januari inaweza kuwa kila siku nane au kumi, Julai hata wiki tatu zinapita, masika naingiza vyungu vyote ndani. Na msichanganye dalili, jani likinywea likawa na mikunjo ndo kiu, jani likiwa njano laini linapitisha mwanga ujue maji yamezidi.

Kingine, mche ukitoka kwenye kivuli cha muuzaji usiuweke jua kali siku hiyohiyo, unaungua na lile doa halitoki tena. Uzoeshe taratibu. Na ukiona vitu vyeupe kama pamba kwenye makwapa ya majani hivyo ni vidung'ata, futa na pamba yenye spiriti kila baada ya siku chache mpaka viishe.

Waridi langu sasa hivi lina kovu kubwa upande mmoja, shina limepinda kidogo, ila juzi nimekuta vitumba viwili, kimoja kimeanza kuonyesha pinki kwenye ncha. Mawingu ya vuli yameshaanza kujikusanya huku, nimelivuta pembeni ya dirisha.