Jike aliye peke yake si jike asiye na mtoto

Makosa mengi yanayoacha watoto wa wanyama bila mama hayatokani na ukatili. Mwindaji hutazama jike kwa dakika tatu, haoni mtoto, basi anajiridhisha kwamba hana, na anafyatua. Kwa swala na kulungu wengi, kutomwona mtoto hakuthibitishi chochote. Mtoto wa wiki za mwanzo hatembei na mama yake. Hulala kwenye nyasi ndefu au chini ya kichaka, kimya, hata nzi wakimtua usoni, na mama huenda kula mbali naye kwa makusudi ili asivute maadui hapo alipo. Hurudi mara chache tu kwa siku kumnyonyesha na kumlamba.

Tohe humficha mtoto kwa takribani miezi miwili. Tandala na pongo nao huficha. Nyumbu ni kinyume kabisa: ndama wake husimama dakika chache tu baada ya kuzaliwa na kuanza kumfuata mama, kwa hiyo mwenye ndama anajulikana kwa kumtazama tu. Aliyezoea nyumbu akaenda kumwinda tohe kwa mazoea yaleyale ataua majike wanaonyonyesha, na hatajua.

Kwa wanyama wanaoishi kwa makundi, jike aliyejitenga ndiye wa kutiliwa shaka kuliko wote. Nguruwe mwitu jike akikaribia kuzaa huliacha kundi, hujenga tandiko la majani na matawi, na kwa siku za mwanzo huwaacha watoto humo anapotoka kula. Ukimwona peke yake jioni, mwili mkubwa, hana anayemfuata, unaweza kudhani hana wa kumlea. Huyo ndiye mwenye watoto wachanga kuliko wote waliomo msituni. Hata anapotembea nao, huwa wamefunikwa na nyasi, na darubini ya joto haioni kupitia nyasi. Ndiyo maana kanuni ya zamani, ya kuchukua mdogo na kumwacha mkubwa anayetangulia, bado ni nzuri. Mkubwa wa mbele kwa kawaida ni mama.

Ili kumsoma jike vizuri, mpe angalau nusu saa. Mwangalie kwanza kwa nyuma, anapotembea au kuruka kijito, kwa sababu kiwele kimefichwa kati ya mapaja na ubavuni hakionekani. Kikiwa kimejaa, hutokeza kati ya mapaja, na manyoya yanayozunguka chuchu huwa yamepungua kwa kunyonywa. Tazama pia ubavu: anayenyonyesha mara nyingi huwa mwembamba kuliko wenzake, na kwa kulungu wa nchi za baridi hubadilisha manyoya kwa kuchelewa. Kisha tazama mwenendo. Masikio yanayorudi kwenye kichaka kilekile, kula huku akigeuka nyuma kila mara, au kushtuka, kukimbia hatua chache, kusimama na kuzunguka badala ya kutoweka, zote hizo ni dalili za mwenye mtoto karibu.

Hata hivyo dalili hizi zinathibitisha upande mmoja tu. Kiwele kilichojaa kinakuambia usipige. Kiwele kidogo hakikuambii piga, kwa maana mzazi wa kwanza huwa na kiwele kidogo, na aliyemaliza kunyonyesha sasa hivi kiwele chake ni kitupu. Ukibaki na shaka, chagua mnyama mwingine. Jike mchanga ambaye hajawahi kuzaa hutambulikana kwa uso mfupi na shingo nyembamba, na ndiye chaguo salama zaidi.

Sisemi majike wasiwindwe. Panapohitajika kupunguza idadi, kuua madume peke yake hakusaidii kitu: dume mmoja aliyebaki huwapanda majike wengi, na mwaka unaofuata watoto huzaliwa kama kawaida. Ila kama unachukua mama na mtoto wote wawili, utaratibu ni mtoto kwanza. Mtoto akianguka, mama aghalabu hukimbia kidogo, husimama na kutazama nyuma, ukapata nafasi ya pili iliyo tulivu. Ukianza na mama, mtoto hutimka na huenda usimwone tena. Wakiwa watoto wawili na huna uhakika wa kuwapata wote, chukua mmoja, mwache mama na yule wa pili.

Sheria nyingi hujaribu kulitatua jambo hili kwa kalenda. Nchini England majike ya kulungu huwindwa kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi, watoto wakiwa wameshakua kiasi. Sheria ya Ujerumani inaongeza sharti jingine: mzazi anayehitajika kulea hawindwi mpaka watoto wajitegemee. Lakini kalenda haimsaidii mwindaji wa muntjaki, kulungu mdogo anayezaa mwezi wowote, ambaye England haikumwekea msimu wa kutowindwa. Mimba yake ni miezi 7, na hupata nyingine siku chache baada ya kuzaa. Ushauri unaotolewa kule unashtua ukiusikia mara ya kwanza: piga jike ambaye hajakomaa, au aliye na mimba kubwa. Mwenye mimba kubwa mtoto wake wa mwisho ameshaacha kunyonya zamani. Naukubali ushauri huo, ingawa hakuna anayeufurahia akipasua tumbo. Kijusi hufa pamoja na mama yake. Mchanga aliyeachwa kichakani hufa kwa siku kadhaa, maana tumbo lake bado haliwezi kusaga nyasi.

Sweden imeenda mbali zaidi kwa dubu: jike mwenye watoto hawindwi, wala watoto wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba majike wanaokaa na watoto kwa miaka miwili na nusu badala ya mmoja na nusu wameongezeka, kwa kuwa ulinzi huo unawafaa wanaolea kwa muda mrefu. Kwa chui, ambaye huwaficha watoto na kutoka peke yake usiku, na ambao humtegemea mwaka mzima au zaidi, naona njia ya haki ni moja: kutompiga jike kabisa. Na mtego wa waya hauna nafasi katika mazungumzo haya. Kitanzi hakitazami kiwele.

Kosa likitokea, kazi haijaisha. Kabla ya kuchuna, kamua chuchu zote. Maziwa meupe yana maana kwamba kuna anayeyasubiri. Dang'a nzito ya njano yaonyesha amezaa karibuni au alikuwa karibu kuzaa, na tumbo la uzazi ukilikuta kubwa, legevu na tupu, mtoto ana umri wa siku tu.

Mtoto huyo ni wajibu wako. Usiingie kichakani kwa kelele wala usilete mbwa asiyefunzwa, maana mchanga hujibana chini na mkubwa kidogo hukimbilia mbali. Kaa ukitazama mahali mama alipokuwa akielekeza masikio, upepo ukikujia usoni, mpaka giza liingie. Ukimwona, mpige kifuani kutoka karibu, usijaribu shabaha ya mbali. Usipompata, rudi kabla hakujapambazuka na ukae palepale, kwa sababu njaa humrudisha mahali aliponyonya mara ya mwisho.