Malindi na pepo zake

Mgeni wa Malindi huulizia hoteli kwanza. Heri aanze na upepo, kwani ndio uliouleta mji huu duniani.

Vasco da Gama alitoka hapa tarehe 24 Aprili 1498, kusi, upepo utokao kusini, ikianza kushika, akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa Malindi. Tarehe 20 Mei akafika Calicut. Kurudi hakungoja kaskazi, upepo utokao kaskazini mashariki, ikomae: aliiacha pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, akatangatanga baharini karibu miezi mitatu, mabaharia wakifa kwa kiseyeye, hadi alipoiona Malindi tena tarehe 7 Januari 1499. Nguzo iliyoko rasini ni kumbukumbu ya safari hiyo, na msalaba wake ni wa jiwe lililotoka Lisbon. Inasikitisha kuona wengi wakipiga picha na kuondoka bila kuitazama bahari iliyo chini yake, ilhali habari yote imo humo.

Upepo huohuo ndio unaoamua rangi ya maji utakayoyakuta. Watu husema njoo wakati wa kaskazi, bahari imetulia. Ni kweli, lakini si kweli yote. Mvua za vuli za Novemba na Desemba huujaza mto Sabaki, unaomwaga udongo mwekundu kaskazini mwa mji, na kaskazi huusukuma kuja kusini, moja kwa moja hadi kwenye ghuba. Ndiyo maana mtu huja Desemba akakuta maji ya kahawia, akadhani ni uchafu wa mji. Ngoja Februari au Machi, mto ukiwa umepungua.

Kisha angalia mwezi. Ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na hukupwa kabisa saa nne au saa tano asubuhi. Hizo ndizo siku za kuyaona matumbawe ya hifadhi ya baharini, iliyotengwa mwaka 1968. Patana na nahodha mng'oe nanga saa moja kabla ya maji kukupwa. Usisimame juu ya matumbawe hata kwa viatu. Yakivunjika huchukua miaka kukua tena.

Jioni ya bamvua maji hujaa, na ufuo wa kutembelea huwa mwembamba. Saa hizo nenda Gede, magofu ya mji wa kale wa Waswahili, kilomita kama 16 kusini, ila uwahi kabla hawajafunga. Kando ya msikiti mkuu kuna kisima kilichoongezwa kina, dalili kwamba hata maji ya chini ya ardhi yaliwahi kuwakimbia wenyeji.