Siku moja maishani mwangu: info wawili, sanduku moja

Saa 2:00 asubuhi. Sijakaa vizuri, simu inaita. "Kaka, mbona naletewa ankara za watu nisiowajua?" Ni dada anayeshika anwani ya barua pepe ya info kwenye kikoa chetu cha kwanza (kikoa ni ile sehemu inayofuata @). Wiki iliyopita niliongeza kikoa cha pili kwenye seva ileile, nacho kina info wake. Nimeshajua nani kaharibu: mimi.

Saa 2:20. Nazima Postfix, programu inayopokea na kutuma barua. Barua hazipotei, seva zinazotuma huziweka foleni na kujaribu tena.

Saa 2:30. Ndani ya Dovecot, programu inayotunza masanduku na kuwafungulia wenyewe, nakuta mstari nilioandika enzi za kikoa kimoja: auth_username_format = %Ln. L hugeuza herufi kuwa ndogo. Herufi n huchukua jina na kutupa kila kitu kuanzia @. Info wa huku na info wa kule ni mtu mmoja. Tena masanduku yote ni ya watumiaji wa mfumo, wale wa /etc/passwd, wasio na habari na vikoa.

Saa 4:00. Naunda mtumiaji mmoja, vmail, amiliki /var/vmail yote. Majina kamili, @ ikiwemo, nayaweka kwenye faili lake pamoja na nywila zilizosimbwa kwa amri ya doveadm pw. Kisha %Ln inakuwa %Lu (u ni jina zima, @ na kikoa vikiwemo), na barua zinakwenda maildir:/var/vmail/%d/%n, yaani kila kikoa na folda yake. (Yetu ni Dovecot 2.3. Kwenye 2.4 uandishi huu umebadilika, usininakili kichwakichwa.)

Saa 6:00. Upande wa Postfix nahamisha vikoa kutoka mydestination (orodha ya vikoa vya watumiaji wa mfumo) kwenda virtual_mailbox_domains (orodha ya vikoa vya masanduku yasiyo ya mfumo), na virtual_transport naielekeza LMTP, njia ya kuikabidhi Dovecot barua. Kikoa cha pili nimesahau kukifuta kwenye mydestination. Nikiwasha, logi inanikaripia: kikoa kimoja hakikai sehemu zote mbili.

Saa 7:15. doveadm auth test, jaribio la jina na nywila, inapita. Natuma barua ya majaribio. Inanirudia na 550, mtumiaji hayupo. Hapo nimepoteza saa nzima nikikagua ruhusa za folda, kumbe %Ln nyingine ilijificha ndani ya 20-lmtp.conf. doveconf -n, amri inayoorodhesha mipangilio iliyobadilishwa, ingenionyesha kwa sekunde moja. Sijui kwa nini huwa naikumbuka mwishoni.

Saa 9:00. Kutenganisha barua zilizochanganyika. Kichwa cha Delivered-To kimehifadhi anwani kamili, kwa hiyo doveadm search inazichambua: 41 si za dada. Nazihamishia kwa mwenyewe.

Saa 11:00. Dada tena. "Kaka, sasa hainitambui kabisa!" Ameandika info tupu. Ningeweza kuweka auth_default_realm imkamilishie jina, lakini info wa pili naye akiandika kifupi angehesabiwa kuwa wa kikoa cha kwanza. Sitaki. Namwambia aandike anwani nzima.

Kimya kidogo, naisikia kibodi.

"Imefunguka. Mbona zimepungua?"

"Zile nyingine hazikuwa zako, dada."